Siku ya posho porini: uwindaji wa njiwa na simbiliki unahitaji mpango

KALEMIE – Kila siku ya posho asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya ziwa, vijana hutoka kwenye makambi na vijiji vya Tanganyika na kushika njia ya pori. Huyu ana mpira wa mawe mfukoni, yule ana upinde begani, mwingine anavuta mbwa kwa kamba. Wanafuata njiwa kwenye mashamba ya karanga yaliyokwisha kuvunwa, kwale pembeni ya njia, kanga kwenye nyasi fupi, na simbiliki, ule panya mkubwa wa matete, karibu na mito. Jioni wengine wanarudi na mboga, wengine mikono mitupu, na wengine wanaishia mbele ya chifu wakiwa na kesi.

Uwindaji huu mdogo hausemwi sana. Mikutano ya usalama inaongea juu ya vikundi vyenye silaha, barabara na vizuizi. Mikutano ya misaada inaongea juu ya mahema, maji na vyoo. Njiwa na simbiliki hawamo katika ripoti. Hata hivyo, katika jimbo ambako upinde na mshale vimekuwa silaha za vita katika miaka hii ya karibuni, vijana kumi wanaoingia porini bila kuaga mtu ni jambo la usalama, na kwa mama anayengojea kitu cha kutia chunguni ni jambo la chakula. Jambo lenye uzito wa namna hiyo halifai kuachiwa watoto walipange wenyewe usiku wa kuamkia siku ya posho.

Kukataza uwindaji huu kabisa hakutafanikiwa, na kufumba macho kumeshaleta shida za kutosha. Inayobaki ni njia ya kukaa chini na kuupanga: mwenyeji na mhami, mzazi na chifu, Mluba na Mtwa.

Kwa nini vijana wanatoka

Jina la siku yenyewe linasema kitu. Katika Kiswahili cha Katanga ya zamani, siku ya sita ya juma iliitwa siku ya posho kwa sababu ndiyo siku wafanyakazi walipokea chakula chao cha juma zima. Leo, kwa familia nyingi zilizokimbia, siku ya posho inafika bila posho. Msaada unapungua au unachelewa, na bukari inaivishwa bila mboga ya kuweka pembeni. Masomo yamesimama hadi siku ya kwanza, mashamba si yao, na kazi ya kubeba mizigo haipatikani kila siku. Kijana mwenye nguvu na tumbo tupu hawezi kukaa chini ya hema kutoka asubuhi mpaka jioni.

Kuna miezi ambayo hali inakuwa ngumu zaidi. Mwaka wa 2024, nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane ili samaki wapate kuzaana. Sababu yake ni nzuri, kwani ziwa lililochoka halimlishi mtu. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, majani yamekauka na wanyama wadogo wanaonekana kirahisi. Ndakala zikikosekana sokoni, macho yote yanageukia pori.

Pori nalo lina kitu cha kutoa. Simbiliki mzima anaweza kupita kilo nne, nyama ya kutosha familia ya watu saba au wanane kwa jioni moja, na mchuzi ukabaki kwa asubuhi. Njiwa ni mdogo, lakini njiwa sita ni mboga. Tena hawa si wanyama wa porini ndani. Simbiliki anapenda mahali penye mahindi, muhogo na miwa. Njiwa anapenda karanga, mtama na mahindi yaliyoanguka. Wote wawili wanaishi karibu na jembe la mtu.

Hapo ndipo mwenyeji na mhami wanapokutana bila kujua. Mkulima mwenyeji analalamika kwamba simbiliki wamekata muhogo wake usiku na njiwa wamefukua karanga alizopanda. Familia ya wahami iliyo nusu saa kutoka shamba hilo inalalamika kwamba haijaonja nyama tangu mwezi uliopita. Wangeongea, kila mmoja angepata dawa ya shida yake kwa mwenzake. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini bila maongezi, mkulima anaona tu nyayo za watu asiowajua ndani ya shamba lake, na siku muhogo ukipotea anajua wa kumshitaki.

Upinde unaoonekana kutoka mbali

Watu wa Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie hawahitaji kukumbushwa vita vya Watwa na Waluba. Vilianza kuwaka mwaka wa 2013, vikarudi kwa nguvu mwaka wa 2016, na kufikia mwaka wa 2017 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wamehama makwao katika jimbo hili. Vijiji vilichomwa, na watu wengi waliuawa kwa mishale. Mishale hiyo ilikuwa ileile ya kuwindia, sasa inaelekezwa kwa watu.

Kwa hiyo mama aliyekimbia mishale akiona vijana wanane wanatoka kwenye majani na pinde begani, hawezi kujua kama wanafuata kwale. Atakimbia na kupiga kelele. Kelele inafika kijiji cha pili kabla yake, na huko vijana wengine wanachukua pinde zao. Njiwa wa siku ya posho wanaweza kuzaa msiba wa siku ya Mungu, hata kama hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Tena historia ya karibu inaonyesha jinsi chakula kidogo cha pori kinavyoweza kuwasha moto mkubwa. Mwaka wa 2016, upande wa Kabalo, moja ya sababu zilizotajwa za mapigano ni ushuru uliotaka kutozwa kwa viwavi ambavyo Watwa waliokota porini. Mtu wa mbali anaweza kucheka akisikia watu wanauana kwa sababu ya viwavi. Anayeishi hapa anajua kwamba kiwavi ni chakula, ni haki ya kuingia porini, na ni heshima ya mtu ambaye baba na babu yake waliishi kwa pori hilo. Simbiliki na njiwa wana uzito uleule.

Ndiyo maana jambo la kwanza katika mpango wa uwindaji ni kuaga na kujulikana. Silaha, mbwa na mitego vinakuja nyuma ya hapo. Watu wakijua ni akina nani wametoka, wangapi, kwa njia gani na watarudi saa ngapi, upinde unarudi kuwa chombo cha kutafutia mboga.

Sheria inasema nini

Wako wanaodhani kwamba njiwa hana sheria. Anayo. Uwindaji katika nchi hii unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982. Sheria hiyo inamtaka mwindaji awe na kibali, na kuna nyakati ambapo uwindaji unafungwa. Inakataza kuwinda usiku kwa taa, kutumia sumu, na kuwafukuza wanyama kwa moto. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inalinda hifadhi na wanyama walio hatarini.

Sheria ya 1982 inataja vibali vya namna nyingi. Kati yake kuna kibali cha uwindaji cha vijijini na kibali cha pamoja. Neno hilo la pamoja ndilo linalopaswa kushikwa. Familia ya wahami haiwezi kulipia karatasi ya kila kijana, na Mtwa ambaye hajawahi kuandikwa hata kwenye daftari la kuzaliwa hawezi kuambiwa aende mjini na picha mbili za pasipoti. Lakini chifu wa kijiji, prezida wa kambi na ofisi ya mazingira wanaweza kukaa siku moja na kuulizana: kwa kundi hili, kwa pori hili, kwa wanyama hawa wadogo, karatasi gani inatosha? Kazi hiyo ni ya wakubwa. Kuiacha bila kufanywa, kisha kumkamata mtoto mwenye njiwa watatu barabarani, si haki, na kunawafundisha watu kwamba sheria ni mtego wa kunasa wadogo.

Jambo moja halina mjadala, nalo ni hifadhi. Hifadhi ya Kabobo, kaskazini ya Kalemie, iliundwa mwaka wa 2016, na ndani yake wamo sokwe na wanyama wengine wasiopatikana kwingine. Anayetega waya ndani ya Kabobo hawezi kujitetea kwa kusema alitaka simbiliki. Waya hauchagui. Unakamata mkono wa sokwe kama unavyokamata mguu wa panya. Vilevile kakakuona, yule mnyama mwenye magamba, asiguswe hata akikutwa nje ya hifadhi. Mkutano wa kimataifa wa mwaka wa 2016 ulikataza biashara yake kati ya nchi na nchi, na anayeahidi pesa nyingi kwa magamba anamuingiza kijana katika kesi ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo kuijibu.

Mpango wa juma moja

Mpango mzuri hauhitaji mradi wala gari la shirika. Unahitaji siku nne za kuongea na daftari moja.

Siku ya tatu au ya ine, mtu mzima mmoja kutoka kambini na mmoja kutoka kijijini wanakwenda kwa chifu. Wanasema wanataka kuwinda siku ya posho, upande gani, na wanyama gani. Chifu anasema mashamba ya nani yanaliwa na simbiliki, pori gani lina makaburi au mahali pa heshima pasipokanyagwa, na upande gani usiendewe kwa sababu ya usalama. Wenye mashamba wanaitwa na kuulizwa. Anayekataa shamba lake lisiingiwe aheshimiwe bila ugomvi. Wengi hawatakataa, kwa sababu simbiliki hawajui mwenye shamba ni nani.

Siku ya tano, majina yanaandikwa. Kundi lisizidi watu wanane au kumi, kwa sababu kundi kubwa linatisha watu na kufukuza wanyama. Kila kundi liwe na wazee wawili wanaojua pori, na mahali ambapo Watwa na Waluba wanaishi jirani, mmoja wao awe Mtwa na mwingine Mluba. Mtwa aliyezeeka anasoma njia ya simbiliki kwenye majani kama mwalimu anavyosoma ubao. Ujuzi huo ulidharauliwa kwa miaka mingi. Siku kijana wa Kiluba atakapotembea nyuma yake akijifunza, watakuwa wamefanya kitu ambacho semina nyingi za amani zimeshindwa kufanya. Watoto wa chini ya miaka kumi na mitano wabaki nyumbani. Shangazi au mama ndiye atakayepewa nakala ya majina, kwa sababu yeye ndiye atakayejua wa kwanza kama mtu hakurudi.

Siku ya posho, watu watoke kukiwa kumepambazuka, wasitoke na giza. Njiwa anakula mbegu kavu, kwa hiyo lazima anywe maji kila siku, na hushuka mtoni asubuhi na jioni. Anayekaa kimya karibu na maji saa mbili za kwanza za asubuhi anapata zaidi ya anayekimbia pori mchana kutwa. Kwa njiwa, mpira wa mawe na ulimbo vinatosha. Ulimbo uangaliwe kila wakati, kwa sababu unanasa hata ndege wasioliwa, na ndege aliyeachwa juu ya ulimbo jua zima ni mateso bila faida. Kwa simbiliki, mbwa, wavu na mkuki ndivyo vinavyofaa. Bunduki, hata ile ya kutengenezwa kijijini, ibaki nyumbani. Mlio mmoja porini unatosha kuhamisha kijiji kizima, na askari wanaousikia hawatauliza kwanza kama ni kanga.

Upinde nao uwe na masharti. Kwenda na kurudi, mishale ifungwe pamoja na kubebwa na mzee wa kundi, na upinde utiwe uzi tu mkishafika mahali pa kuwinda. Jambo hili ni dogo, lakini mama aliye shambani ataliona kutoka mbali na moyo wake utatulia.

Saa tisa mchana kila mtu awe njiani kurudi. Kundi lipite kwa chifu, lionyeshe kilichopatikana, na majina yahesabiwe. Siku ya Mungu ni ya kupumzika, ya kanisa na ya kugawana maneno: nani alilalamika, shamba gani lilikanyagwa, mtego gani haujatolewa. Mtego uliowekwa siku ya posho utolewe siku hiyohiyo. Kamba iliyosahauliwa itamkamata mbuzi wa mtu siku ya pili, na mbuzi huyo atakuwa kesi.

Moto usitumike

Kati ya njia zote, mbaya kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi wakati wa kiangazi, yaani kuchoma majani ili simbiliki watoke. Vijana wanasimama upande mmoja na marungu, moto unatoka upande mwingine, na baada ya nusu saa wana wanyama watano au sita. Inaonekana rahisi. Lakini upepo wa ziwa hauna mkataba na mtu. Moto ukiruka njia, unaingia kwenye muhogo. Na muhogo hauko kama mahindi ambayo yanarudi kwa miezi minne. Shamba la muhogo ni akiba ya mwaka mzima au zaidi, liko ardhini likingojea siku ya shida. Anayeliunguza ameunguza benki ya familia.

Kwa wahami hatari ni kubwa zaidi. Vibanda vya majani, mahema ya plastiki na mafungu ya kuni vimekaribiana. Moto ulioanzia kwa simbiliki watano unaweza kumaliza kambi kabla watu hawajapata ndoo ya kwanza ya maji. Na hata moto ukikaa mbali, unaua majike wenye mimba na watoto wao kwa pamoja. Jike wa simbiliki anabeba mimba kwa miezi mitano hivi na kuzaa watoto wachache, mara nyingi wawili hadi wanne. Kwa ukubwa wake, huyo si panya wa kuzaa kila mwezi. Pori likichomwa mara mbili tatu, mwaka unaofuata hakuna cha kuwinda.

Njiwa naye ana kanuni yake: viota visiguswe. Njiwa anataga mayai mawili, na baba na mama wote wawili wanalisha vifaranga kwa maziwa yanayotoka kooni mwao. Ukiua mmoja juu ya kiota umeua watatu, na wawili kati yao hawajafika hata chunguni.

Vitu visivyoonekana

Pori la Tanganyika limepitiwa na vita zaidi ya kimoja. Jimbo hili ni kati ya yale ambayo bado yana mabomu na mabaki ya silaha ardhini. Mwindaji ndiye mtu anayetoka njiani, anayeingiza mkono shimoni na kupiga majani kwa fimbo. Kwa hiyo kanuni iwe moja: chuma usichokijua usikishike, usikirushie jiwe, usikichome. Simama, rudi kwa nyayo zako, weka alama mbali na kitu hicho, mwambie chifu. Chifu atapeleka habari kwa utawala, na wenye kazi hiyo, kituo cha taifa cha kupambana na mabomu, CCLAM, wataarifiwa. Anayeahidi kununua vyuma vya zamani kwa watoto anacheza na viungo vyao.

Sumu ni hatari nyingine. Kuna watu wanaochanganya dawa ya wadudu na mahindi ili njiwa waanguke wengi kwa mara moja. Moto wa chungu hauondoi sumu ile. Mboga ya namna hiyo inaweza kumlaza mtoto hospitalini au kumpeleka kaburini, na kuku wa jirani, mbwa na maji ya mto vitakuwa vimepata sehemu yao. Anayeuza njiwa sokoni na hawezi kuonyesha alipigwa wapi na jiwe au alinaswaje, mama asinunue.

Magonjwa pia yapo. Mwezi wa munane 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na Kongo ndiyo ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko nchi zote. Ugonjwa huo unaenea sana kati ya mtu na mtu, lakini unaweza pia kutoka kwa wanyama wadogo wa pori. Mnyama aliyekutwa amekufa, au anayetembea kama mlevi, au mwenye vidonda, asiokotwe hata kama njaa inauma. Mwenye jeraha mkononi asichune nyama. Mikono ioshwe kwa sabuni, na nyama iive mpaka ndani.

Nani anakula nini

Ugomvi mwingi wa uwindaji unaanza wakati wa kugawa. Kwa hiyo mgao usemwe siku ya tano, kabla mtu hajaona nyama. Desturi ya kumpelekea chifu sehemu ya mnyama inajulikana na ina heshima yake. Kumpa mwenye shamba sehemu ni haki pia, kwa sababu simbiliki huyo alinenepa kwa muhogo wake. Mtu mwenye mbwa anapata cha mbwa. Kinachobaki kigawanywe kwa nyumba, na nyumba ya mjane au ya mzee asiye na kijana wa kumtuma ipate ya kwanza.

Lakini zawadi isigeuzwe kuwa ushuru. Ikianza siku moja kwamba kila njiwa analipiwa, kila kundi linatozwa faranga kabla ya kuingia porini, na kila kizuizi njiani kinataka mguu wa simbiliki, basi mpango umekufa na vijana watarudi kuwinda usiku kwa kujificha. Habari ya viwavi vya Kabalo ikumbukwe hapo. Nyama hii ni ya chungu. Isiende sokoni Kalemie kwa gunia, kwa sababu soko halishibi, na pori linalolisha mji mzima litakuwa tupu kwa miaka miwili.

Kwa wanaopinga

Wako wanaosema njaa haingojei siku ya posho. Ni kweli. Hakuna mpango utakaomzuia mtoto kupiga njiwa siku ya pili jioni nyuma ya hema. Lakini yule wa nyuma ya hema hatishi kijiji. Wanaotisha ni wale wanaokwenda kwa kundi, mbali, na silaha, na hao ndio mpango unawahusu.

Wenyeji wengine wanasema pori hili ni la babu zao, mhami aombe chakula kwa mashirika. Mashirika hayapiti kila mwezi. Na mhami wa leo alikuwa mwenyeji wa jana. Wako wengi katika jimbo hili ambao wamekuwa yote mawili ndani ya miaka kumi. Kumpa mtu njia ya kutafuta mboga kwa uwazi ni kumpunguzia sababu ya kuingia shambani kwako usiku.

Na wako wahami wanaosema wamechoka kuomba ruhusa kwa kila kitu, hata kwa njiwa. Uchovu huo unaeleweka. Lakini kuaga hakumpunguzii mtu chochote. Hata mwenyeji, akivuka mto kwenda kuwinda kwa jirani, anaaga.

Kiangazi kinapokaribia, machifu wasingoje kesi ya kwanza. Waite maprezida wa makambi sasa, wachague mapori, waseme mgao, wakataze moto mbele ya watu wote, na ofisi ya mazingira ije kueleza kibali cha pamoja kwa lugha ambayo mzee wa Kitwa anaielewa. Wazazi nao waulize swali moja kabla mtoto hajatoka nyumbani siku ya posho: nani anajua unakwenda wapi? Kama jibu ni hakuna, upinde urudi ukutani mpaka juma lijalo.